Kijana kaitwa ligi ya besiboli ya kiangazi Marekani? Sheria za usajili ziko hivi, hatua kwa hatua

Kila ikikaribia mwezi wa sita wazazi wenzangu wa huku Marekani huanza kunitafuta na maswali yale yale. Wengi ni Wakenya, Watanzania na Wakongo ambao watoto wao wamekulia huku, wakaachana na mpira wa miguu wakashika gongo na glavu, na mzazi yuko pale jukwaani anapiga makofi tu hata hajui mchezaji anatolewaje uwanjani. Sasa kijana kaalikwa kucheza ligi ya kiangazi na ghafla mambo hayaeleweki, kuna kocha hajibu meseji, kuna mwingine anapiga simu saa nne usiku, kuna skauti anageuza uso ukimsogelea, na mzazi anabaki anajiuliza nani hapa kavunja sheria na nani anaifuata.

Kwa asiyezijua hizi ligi, ni kombaini. Vyuo vikifunga mwezi wa tano, wachezaji kutoka vyuo tofauti wanakusanywa kwenye miji midogo, wanalala kwa familia wenyeji, wanacheza karibu kila siku mpaka mwezi wa nane. Kubwa kuliko zote kwa heshima ni Cape Cod kule Massachusetts, timu 10, kiingilio bure, na Aaron Judge mwenyewe, yule nyota wa New York Yankees, alipita pale 2012 akiwa na timu ya Brewster. Kuna Northwoods iliyoanza 1994 kwenye majimbo ya kaskazini kama Wisconsin na Minnesota, hao wanacheza mechi 70 na ushee na mabasi usiku kucha, kuna Coastal Plain kule Carolina, kuna Alaska ambako Fairbanks wanacheza mechi inayoanza kama saa nne usiku bila taa kwa sababu jua bado lipo. Wote wanatumia magongo ya mbao, tofauti na chuoni ambako ni ya chuma, ndio maana maskauti, wale wanaosaka vipaji, wanazipenda, gongo la mbao halimfichi mtu.

Haya, twende.

Hatua ya 1: Uliza maswali mawili kabla ya kitu chochote

Swali la kwanza, mshahara wa huyu kocha unatoka wapi? La pili, kijana kwa sasa kasajiliwa wapi, sekondari, chuo cha miaka miwili au chuo cha miaka minne? Ukishapata majibu ya hayo mawili, asilimia kubwa ya utata unaisha hapo hapo.

Sababu ni kwamba timu ya kiangazi yenyewe sio mwanachama wa NCAA, hicho chombo kinachosimamia michezo ya vyuo. NCAA haiwezi kuzifungia timu za kiangazi kama Chatham wala La Crosse. Inachoweza ni kumbana kocha kupitia chuo kinachomwajiri, na kumbana mchezaji kupitia chuo anachosoma. Kwa hiyo makocha wawili wanaweza kukaa benchi moja, mmoja ni mchezaji mstaafu hana chuo anaongea na yeyote anavyotaka, mwenzake ni msaidizi wa chuo cha Divisheni ya Kwanza (ngazi ya juu kati ya tatu za NCAA) na kila neno lake lina kamba shingoni. Usiwachanganye.

Na usichanganye madivisheni. Ya Kwanza ndio kali, na humu nitaongea zaidi kuhusu hiyo. Ya Pili wanaanza kumpigia kijana Juni 15 akimaliza darasa la 10, ya Tatu wanaweza kumpigia wakati wowote ila hawana skolashipu ya michezo, na NAIA ni chombo kingine kabisa chenye sheria zake ambazo kwenye kuongea na vijana wa sekondari zimelegea sana.

Hatua ya 2: Kama kijana bado yuko sekondari, weka tarehe ya Agosti 1 kwenye simu

Besiboli ya Divisheni ya Kwanza, kocha wa chuo haruhusiwi kumpigia, kumtumia meseji wala imeli ya usajili, wala kumpa ofa ya mdomo mpaka Agosti 1 kabla ya kijana kuanza darasa la 11. Hii ilibadilishwa 2023. Kabla ya hapo watoto wa darasa la 8 na la 9 walikuwa wanatangaza kabisa kwamba wameshapata chuo, mtoto hata ndevu hana, halafu akifika darasa la 12 kocha aliyemuahidi keshafukuzwa kazi miaka miwili nyuma. Mimi naona walichelewa kuiweka.

Kabla ya tarehe hiyo kijana anaruhusiwa kumwandikia kocha, hakuna anayemzuia. Ila kocha hawezi kujibu kwa mazungumzo, atakachoweza kutuma ni tangazo la kambi ya mafunzo au fomu ya kujaza maelezo. Ukipata hiyo fomu usiruke ruke kwa furaha, wanawatumia mamia. Na ukipiga wewe simu akapokea kwa bahati mbaya, atakwambia samahani siwezi kuongea, atakata. Sio jeuri.

Hapa kuna kitu kinawaumiza sana watu wetu. Mechi imeisha, watu wanatoka, kocha mwenye fulana yenye nembo ya chuo amekaa nyuma ya wavu wa nyumbani kutwa nzima na ile bunduki ya kupima kasi ya mpira, ameandika andika kwenye daftari kila kijana wako akirusha. Baba mtu anamfuata kwa heshima zote, shikamoo haipo huku lakini anampa mkono, anaanza kujitambulisha, natoka Bukoba, huyu ni mtoto wangu wa pili. Kocha anasema "mechi nzuri" na anaondoka kwa haraka kama vile kaona nyuki. Kwetu sisi mtu kukuacha katikati ya salamu ni tusi. Huyo mzee mwaka mzima alikuwa anasema kile chuo kina dharau, kumbe sheria inamruhusu kocha salamu tu na kupita, akisimama dakika tano anaandikiwa kosa, na mtu wa kwanza kumripoti atakuwa kocha wa chuo pinzani aliyekaa viti viwili pembeni. Akikupita hivyo wewe furahi, maana yake anafuata sheria na huenda anamtaka kijana kweli.

Usijaribu kuzunguka kwa mtu wa kati, yule kocha binafsi wa kupiga mpira au mjomba anayejuana na fulani. Mnamtia kijana kwenye matatizo kwa kitu ambacho kingesubiri miezi michache.

Na ahadi ya mdomo, hata baada ya Agosti 1, haimfungi mtu yeyote. Ile barua ya kitaifa ya kusaini waliyokuwa wanapigia picha na kofia mezani imefutwa Oktoba 2024, siku hizi kinachofunga ni mkataba wa msaada wa fedha wa chuo chenyewe. Mpaka uone karatasi, hamna kitu.

Hatua ya 3: Kama tayari yuko chuoni, elewa potali na elewa kurubuniwa

Hapa ndio pana moto, kaa vizuri.

Potali ya uhamisho, yaani orodha ya mtandaoni ya wachezaji wanaotaka kuhama chuo, ilianza Oktoba 2018. Mchezaji anayetaka kuhama anawaambia watu wa komplayansi wa chuo chake (ofisi inayohakikisha sheria za NCAA zinafuatwa), hao wana siku 2 za kazi kuliingiza jina lake, na jina likishaonekana vyuo vingine ruksa kumtafuta. Kabla jina halijaingia, kocha wa chuo kingine hana ruhusa ya kumgusa kwa habari za kuhama, si kwa mdomo, si kwa meseji, si kwa kutuma rafiki. Zamani ukihama ndani ya Divisheni ya Kwanza ulikaa nje mwaka mzima, mwaka 2021 wakaruhusu uhame mara moja bila adhabu, na Aprili 2024 wakaondoa kikomo, maksi zikiwa sawa unahama na unacheza.

Sasa angalia kiangazi. Chukulia kocha msaidizi wa Yanga anapewa kombaini ya miezi miwili yenye vijana wa Simba, Azam na Coastal Union, anapanda nao basi moja, anajua nani kagombana na kocha wake, nani kalazwa benchi msimu mzima na ana kipaji. Unadhani hatatamani? Ndio hali ilivyo kwenye ligi za kiangazi kila mwaka, na tena dirisha la uhamisho la besiboli linafunguka kipindi hicho hicho, mwanzoni mwa Juni, vijana ndio kwanza wameshusha mabegi kwa familia wenyeji. Tarehe kamili hutangazwa kila mwaka, zitazame za mwaka wenu msiende na za mwaka jana.

Na soko limezidi kuchemka tangu ile kesi ya House, ya wachezaji wa vyuo kudai malipo kwa NCAA, ilipomalizwa, hakimu aliidhinisha Juni 6, 2025. Zamani chuo kiliruhusiwa wachezaji 40 na skolashipu 11.7 za kugawana vipande vipande, huyu robo yule nusu. Sasa vyuo vilivyoingia kwenye makubaliano vina kikomo cha wachezaji 34 ila vinaweza kuwapa wote skolashipu vikitaka. Maana yake ni kwamba vijana wengi huitwa ofisini msimu ukiisha wakaambiwa hakuna nafasi, wanaingia potali wakiwa tayari wamevaa jezi ya kiangazi, na kila mechi inakuwa ni interviu.

Kwa hiyo kocha wa kiangazi mwenye ajira ya chuo, kwa mchezaji ambaye HAYUKO potali, anaweza kumfundisha, kumrekebisha mkono, kumwambia anapiga kwa kuchelewa, kumpa ripoti kocha wake wa chuo. Hawezi kumwambia "kwetu ungeanza kila mechi". Hawezi kumwambia "ukiingia potali nishtue". Hata utani wa namna hiyo kwenye basi ni kurubuni, na mwenye kukumbuka utani atakuwa yule mchezaji mwenzake aliyekaa kiti cha nyuma.

Kijana akiambiwa hivyo afanyeje? Asigombane. Ajibu kitu kifupi, mfano: "Asante kocha, mimi bado niko chini ya chuo changu, mambo hayo kama yatakuwepo yatapitia komplayansi." Atunze meseji asifute. Halafu akiwa kweli anataka kuhama afanye kwa utaratibu wake, akijua kwamba akishaingia potali chuo chake cha sasa kina haki ya kuisitisha skolashipu muhula ukiisha, hata kama hajapata kwingine. Hiyo sehemu vijana hawaambiwi na marafiki zao. Nimeona mtu kaingia potali kwa hasira za wiki moja na mwezi wa nane anatafuta chuo chochote chenye kiti.

Kwa wa chuo cha miaka miwili mambo ni tofauti. Huyo haingii potali ya NCAA, vyuo vya miaka minne vinamwona kama mtu wa kusajiliwa tu, kama wa sekondari aliyeiva. Kwake kiangazi ni fursa ya wazi kabisa.

Hatua ya 4: Kama wewe ndiye kocha, au unataka kufanya kazi hiyo

Kuna vijana wetu wameshaanza kushika usaidizi vyuo vidogo vidogo, hii ni yenu.

Kwanza kabisa, kama chuo chako ni Divisheni ya Kwanza, huwezi kuwa na cheo chochote kwenye timu ya kiangazi ambayo ina mchezaji wa chuo chako mwenye miaka ya kucheza iliyobaki. Si kocha tu, hata kuwa mtawala wa timu hapana. Akisajiliwa mmoja katikati ya msimu, mmoja wenu anaondoka, na kwa kawaida ni nyie mnaoulizwa mlikuwa wapi. Soma kikosi kila wiki, kwa sababu hizi timu wachezaji wanaingia na kutoka kama daladala ya Mbagala.

Pili, timu moja ya nje ya chuo, kama hizi za kiangazi, haitakiwi kuwa na zaidi ya wachezaji 4 kutoka chuo kimoja cha Divisheni ya Kwanza. Meneja wa timu analijua hili lakini anayeumia kwa kosa ni wachezaji, so mkumbushe.

Tatu, wale wa sekondari na wa chuo cha miaka miwili walioko kwenye kikosi chako, kwa macho ya NCAA ni watu ambao chuo chako kinaweza kuwasajili, na sheria ya majaribio inakataza chuo kuwafanyisha mazoezi ili kuwapima. Kuna mianya na kuna masharti, mfano kwa klabu za mtaani kuna lile sharti la vijana kuwa wakazi wa ndani ya maili 50 kutoka chuoni. Usijitafsirie mwenyewe. Kabla hujasaini na timu peleka kikosi chote komplayansi, uliza kwa imeli, upate jibu kwa imeli. Jibu la kwenye korido halikusaidii siku ya siku.

Nne, mheshimu kocha wa chuo cha kijana. Ndiye aliyekupa mchezaji, mara nyingi walipanga na meneja tangu msimu wa baridi kwa simu, na kama kasema mrushaji huyu asizidishe mipira fulani kwa wiki, usizidishe hata kama ni fainali. Ukiuharibu mkono wa mtu hakuna atakayekuletea mwingine, na hiyo haiko hata kwenye kitabu cha sheria.

Hatua ya 5: Wenye timu na familia wenyeji nao wasijisahau

Fupi tu. Mmiliki wa timu au familia mwenyeji ambayo ni mashabiki wachangiaji wa chuo fulani, wakianza kumpigia debe kijana aje chuo chao, au kumpa simu mpya na hela ya mfukoni kwa ajili hiyo, NCAA inawahesabu kama mkono wa chuo. Chakula, kulala, usafiri wa timu, sawa kabisa. Upendo wa pilau Jumapili nao sawa. Ila kampeni hapana.

Hatua ya 6: Panga na kalenda, usipange na matumaini

Mwezi wa sita timu za kiangazi zinakuwa na wachezaji wa muda, kwa sababu wenye namba bado wako kwenye mashindano ya vyuo yanayoishia Omaha. Kijana akipewa mkataba wa muda aelewe anaweza kuambiwa kwaheri siku yoyote bila kosa. Lakini wapo waliokwenda kwa siku chache wakapiga vizuri wakabaki mpaka mwisho, kwa hiyo asiukatae kwa kiburi.

Mwezi wa saba kuna drafti ya ligi kuu (MLB), timu za kulipwa zinachagua vijana kwa zamu, raundi 20, tangu 2021 imehamia huko kutoka mwezi wa sita. Ikipita, vikosi vinayumba, wengine wanasaini pesa wanaondoka, nafasi zinafunguka. Huo ndio wakati kijana aliyekaa nyumbani awe na begi tayari.

Hatua ya 7: Pesa, na hasa kama kijana yuko kwa visa

Mchezaji wa chuo halipwi mshahara wa kucheza ligi hizi, anapewa gharama za lazima tu, na kuna ligi ambazo yeye ndiye analipa ada. Angalia sana ile MLB Draft League, nusu ya kwanza kabla ya drafti ni wachezaji wa ridhaa ambao bado wanaweza kurudi chuoni, nusu ya pili ni wa kulipwa. Mganda wetu Dennis Kasumba, yule wa video za kudaka na matairi, alifika Frederick kwenye ligi hiyo 2023, na tangu hapo vijana wengi wa Kampala wananiuliza njia. Mwenye ndoto ya chuo aulize kwanza anaingia nusu ipi.

Pesa za NIL, yaani kulipwa kwa jina na sura yako, zinaruhusiwa na NCAA tangu Julai 1, 2021. Ila mwenye visa ya F-1, ile ya mwanafunzi, sheria ya NCAA sio tatizo lake, tatizo lake ni uhamiaji. Kulipwa kwa tangazo la duka la magari la pale mjini, au hata kulipwa kufundisha ile kambi ya watoto ambayo timu huandaa asubuhi, inaweza kuhesabika ni kazi bila kibali, na hilo linagusa kukaa kwake nchini, sio kucheza tu. Mwenzake raia wa chumba kimoja anachukua hundi bila wasiwasi, yeye akichukua kaumia. Mwenye grini kadi hana shida hiyo.

Pia F-1 akihama makazi anatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 10, kwa hiyo kabla hajaenda kukaa kwa familia mwenyeji apite ofisi ya wanafunzi wa kigeni awaulize anwani ya kiangazi waiandikeje. Ni dakika kumi za kazi.

Hatua ya 8: Mkono ukishateleza

Umejibu meseji usiyotakiwa, kocha kaongea kitu asichotakiwa, familia imetoa kitu kikubwa. Usifute chochote. Kijana apeleke mwenyewe komplayansi ya chuo chake, kocha apeleke ya kwake, mapema kabla hawajasikia kwa mwingine. Makosa madogo ya namna hii vyuo vinayaripoti vyenyewe kila siku na mara nyingi adhabu yake ni ndogo, mfano kocha kuzuiwa kuwasiliana na mtu fulani kwa muda. Kinachogeuza dogo kuwa kubwa ni kuulizwa na ukadanganya. Piga picha ya skrini ioneshe tarehe na saa, itume kwa imeli ya chuo sio Watsapu, na andika ni nani alianza kumtafuta mwenzake, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza watakalokuuliza.